Nilivyoponyeshwa Ugonjwa Nisiokuwa Nao

Wajukuu, siku nilipoinuka kutoka kwenye kiti cha magurudumu, mama mmoja alizimia.

Na mimi sijawahi kushindwa kutembea hata sekunde moja. Miguu yangu mizima, muulizeni jogoo wa jirani ninavyomkimbiza.

Mwenye shida ni mdogo wangu, fundi cherehani. Miguu yake haijawahi kumbeba. Kila asubuhi mumewe humbeba mgongoni hadi kwenye kibanda chake cha kushonea, na sasa mgongo wa shemeji umeanza kugoma.

Tukasikia wafadhili wameleta viti, vinagawiwa uwanja wa shule. Mdogo wangu alikuwa na gauni la bibi harusi mashineni.

"Dada, tangulia unishikie foleni. Nakuja."

Nikaenda. Jua kali, na mimi na mwili huu wa kupita mlangoni kwa ubavu. Binti aliyevaa fulana ya wafadhili akaniona natweta.

"Bibi, kaa hapa."

Nikakaa. Mzee akipewa kiti anakataa? Nikajua ni heshima.

Akaja fundi wa viti, akanipima nyonga kwa utepe, akapiga mluzi, akakaza skrubu. Nikaletewa na maji. Nikasema moyoni, hawa watoto wamelelewa! Usingizi ukanipitia.

Kushtuka, nasukumwa jukwaani. Kamera puani. Mgeni rasmi anatangaza, "Na bibi yetu huyu anachukua kiti cha mwisho!"

Cha mwisho?

Natupa macho getini: shemeji ndiyo kwanza anaingia, mdogo wangu mgongoni, jasho linawatiririka wote wawili.

Nikasimama. "Jamani, kiti hiki si changu, ni cha..."

Sikumaliza.

"Bibi amesimama! Muujiza!"

Hapo ndipo mama yule alipozimia.

"Muujiza gani? Mimi natembea tangu nikiwa na meno mawili!"

Nani asikie? Wakakivamia kiti. Wa mgongo yumo, wa jino yumo, mwingine anatafuta mume. Kila mmoja anataka kukikalia.

"Dada, wanakivunja!" mdogo wangu akalia.

Akili yangu ya darasa la nne ikaamka. Nikajitupa chini puu, kama gunia la viazi.

"Mama weee! Kiti kimeua miguu tena! Na mkono sasa!"

Aliyekikalia aliruka kama kakalia kaa la moto. Wengine wakarudi nyuma, kiti kikabaki peke yake.

"Nileteeni mimi," mdogo wangu akasema. "Mimi kitaniharibia nini?"

Shemeji akamketisha. Kiti kilipimwa kwa nyonga zangu, basi alikuwa kama kijiko ndani ya sufuria. Lakini alishika magurudumu, akaenda mbele. Akarudi nyuma. Akaenda tena. Shemeji akageuka pembeni, akajifanya anafuta jasho.

"Haya dada, inuka twende."

"Nitainukaje?" nikamnong'oneza. "Nikisimama tu, watakirudia!"

Alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akajipigapiga mapajani.

"Panda."

Nilitoka uwanjani nimepakatwa kama kichanga. Magurudumu yanalia, shemeji anasukuma. Mdogo wangu, wa kubebwa tangu azaliwe, anapaza sauti njia nzima: "Tupisheni, nimebeba mgonjwa!"

Funzo, wajukuu: ukitumwa kushika foleni, ishike kwa miguu. Mimi niliishika kwa makalio.