Daphrose Mukantabana na Figa Lisilorudishwa

Katika vilima vya malisho vilivyo juu ya Kashuga, nchi ya Masisi, mnamo mwaka 1916 hivi, kwa maana hakuna aliyeandika siku, mke wa mfuga ng'ombe Kanamugire alijifungua mtoto wa kike, akaitwa Mukantabana. Jina la Daphrose alipewa alipopokelewa katika Nyumba ya Mafiga, dini ya baba yake, inayomwabudu Mwenye Moto. Wakati ule alama yetu takatifu ilikuwa mafiga matatu kamili katikati ya nyumba ya sala, na juu yake chungu ambacho waumini wote walikula humo kila siku ya saba. Wazee walifundisha kwamba figa la kwanza ni Mwenye Moto, la pili ni waliotutangulia, la tatu ni sisi tulio hai. Na jiko likipungukiwa jiwe, ukoo umekwisha. Leo nyumba zetu zote zina mafiga mawili na nafasi tupu. Sababu yake ni mwanamke huyu.

Mwaka 1938 aliolewa na Karekezi, na mwaka uliofuata wakapata binti, Laurence. Ilipofika 1943, katika miaka ya vita, Karekezi alichukuliwa kwa nguvu kwenda kuchimba madini katika msitu wa Walikale, upande wa Mubi. Baada ya miezi minane shimo lilimfukia, na kilichorudi nyumbani ni blanketi lake tu. Daphrose hakulia mbele ya watu. Alikamua ng'ombe, akauza maziwa, na kwa muda wa mwaka mzima karibu hakusema neno. Mzee Rukara, mkuu wa Nyumba, alimwonea huruma akamkabidhi kazi ya kutunza moto mtakatifu, usioruhusiwa kuzimika. Kazi hiyo aliifanya kama miaka saba, na wengi walidhani atamaliza maisha yake hapo, kimya, karibu na majivu.

Mwezi wa kumi wa mwaka 1951 alifika mlangoni Symphorien, mkulima wa msituni na muumini wetu, ambaye ukoma ulikuwa umekwisha kumla vidole. Alikuwa ametembea siku tano kutoka kambi ya wakoma, ng'ambo ya Itebero. Mvua ilikuwa imezima moto wao wote, viberiti havikufika huko, na vijiji vya karibu, kwa kuogopa ugonjwa, viliwanyima hata kaa moja.

"Papa Rukara," alisema akiwa amesimama mbali, "batoto wawili balikufa juu ya kula muhogo mubichi, ile ya uchungu. Siombi chakula. Naomba moto tu."

Sheria ilikuwa kwamba moto wa Nyumba hauwashwi mahali pasipo na jiwe la Nyumba. Rukara hakuwa mtu mkatili, aliogopa.

"Jiwe haiwezi kutoka," alijibu. "Ikitoka, tumekufa sisi wote. Rudi, baba. Tutakuombea."

Daphrose alisikia yote akiwa ndani. Kesho yake, kulipopambazuka, aling'oa figa la tatu kutoka majivuni, akalifunga mgongoni kwa liputa, kitenge chake, kama anavyobebwa mtoto, akatia makaa katika chungu kidogo pamoja na mavi makavu ya ng'ombe ili yaendelee kuungua polepole. Laurence, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alimshika nguo.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kwa wagonjwa. Bakia kwa mujomba wako. Mvua ikipungua, nitarudi."

Hakurudi. Rukara alitangaza kwamba ameliua jiko, akafuta jina lake katika sala, akakataza mtu yeyote asimpokee.

Mvua iliwanyeshea njia nzima. Symphorien, aliyetembea naye, alishuhudia hadi kufa kwake kwamba mara mbili chungu kile kilijaa maji wakivuka mito, na mara mbili makaa yalikutwa yakiwa mekundu. Sisi tunaandika alivyosema.

Katika kambi Daphrose alipika, aliosha vidonda, na kwa mikono yake alichimba makaburi arobaini na moja. Tusimpambe kwa furaha ambayo hakuwa nayo. Wagonjwa walikumbuka kwamba hakuimba, na kwamba siku moja, akitoka makaburini, alimwambia Symphorien: "Sijui kama Mwenye Moto ananiona. Lakini chungu iko inachemka." Kila msimu wa kiangazi alimtumia binti yake salamu kwa wapita njia. Hakuna jibu lililofika.

Huko Kashuga wazee walijaribu mara tatu kuweka jiwe jipya, na mara tatu jiwe lilipasuka motoni. Wako wanaosema yalikuwa mawe ya mtoni tu, ambayo hupasuka yakipata moto. Hata hivyo chungu hakikuweza kukaa, chakula cha siku ya saba kilikoma, na watu wakaanza kutawanyika. Kwa hiyo mwezi wa kwanza wa 1957 Rukara mwenyewe, mzee sasa, alishuka Walikale kulidai jiwe.

Alimkuta Daphrose amelala chini, akikohoa damu. Nje, watu wasio na vidole walikuwa wamezunguka jiko wakingoja chakula.

"Jiwe njo ile, Papa," Daphrose alisema, akilionyesha kwa kidole. "Ukiweza kuitoa chini ya chungu yabo, itoe."

Rukara alitoka nje. Kisha aliketi kati yao, na chakula kilipoiva, akala nao katika sahani moja. Aliporudi ndani aliuliza, "Nitaambia watu nini?"

"Uwaambie ile nafasi iko ya mutu mwenye hana moto." Akatazama mlangoni. "Laurence alikuja na wewe?"

"Hapana, Mama. Alikatala."

Daphrose aligeukia ukuta. Alifariki siku ya nne, tarehe 9 Februari 1957, na Rukara ndiye aliyemchimbia kaburi. Alirudi Kashuga mikono mitupu, akasimama mbele ya waumini waliobaki, akaonyesha nafasi tupu, akasema: "Mimi njo nilimukatalia Symphorien. Pale pabaki vile." Tangu siku hiyo chungu chetu hakitelekwi ndani ya nyumba ya sala. Kila siku ya saba hubebwa hadi kwa mtu aliyetengwa, na huko ndiko tunakokula.

Laurence hakuhudhuria kamwe sikukuu tunayomfanyia mama yake. Alipoombwa neno la kuandikwa katika kitabu hiki, alisema: "Bale bagonjwa balipata moto. Mimi nilikosa mama." Wazee walibishana kama neno hilo lifutwe, likaamuliwa lisomwe kila mwaka, mbele ya nafasi tupu, kabla ya sala. Basi, ndugu muumini, ukitaka kumfuata Daphrose, mfuate, kwa maana wasio na moto bado wapo. Lakini kabla hujavuka kizingiti, geuka umtazame yule unayemwacha mlangoni, wala usimwahidi kurudi.