Mchwa Waliochambuliwa

Kumpa mdudu jina la kisayansi kunachosha kuliko watu wanavyodhani. Wanafunzi wangu hufikiri unamwona, unashangilia, unampa jina, basi. Mimi nilikuwa na majike wawili tu wa mbawakawa mdogo kuliko punje ya mchele, ndani ya kichupa cha spiriti, na mwaka mzima wa barua pepe kwa mtaalamu wa makumbusho ya ng'ambo ambaye jibu lake halikubadilika: bila dume, hakuna spishi mpya. Jamii yao hutambuliwa kwa viungo vya uzazi vya dume. Jike hata awe mgeni kabisa kwa sayansi, peke yake hatoshi.

Wote wawili niliwatoa kwenye kichuguu kimoja cha Kibosho, katika kihamba, shamba la ukoo, la mama mmoja mjane, kati ya migomba na mibuni. Mbawakawa hawa huishi ndani ya kiota cha mchwa, hulishwa na mchwa, na matumbo yao yamevimba yakafanana na ya mchwa, hata wenye nyumba hawashtuki. Nilijaribu vichuguu vya tambarare, upande wa Sanya Juu, mpaka mgongo ukagoma. Sikupata kitu.

Kwa hiyo kila Jumamosi nilitoka Majengo, mtaa wa mjini ninakopanga, nikapanda Kibosho nikiwa hoi na wiki nzima ya kufundisha. Nilichota udongo kidogo pembeni mwa kichuguu, nikaumwaga kwenye trei nyeupe, nikainama na kibano nikidonoa kila kisichokuwa mchwa. Mama alikaa karibu yangu kwenye kigoda akimenya ndizi. Tuliongea habari za magoti yake na za wanawe walioko Dar. Hakuniuliza ninatafuta nini, nami sikuwa na hamu ya kueleza. Nilishaeleza vya kutosha darasani.

Mwisho wa mwaka mwanawe aliyebaki nyumbani alitaka kichuguu kiondolewe, pajengwe banda la ng'ombe kabla ndugu hawajarudi nyumbani kwa Krismasi. Nilimwomba mama anisubiri nimalize kusahihisha mitihani tukichimbue pamoja. Dume kama yupo, atakuwa ndani kabisa, karibu na malkia.

"Usijali, baba," alisema. "Nitakuwekea."

Nilipofika, kichuguu hakikuwepo. Palikuwa na udongo uliosawazishwa na mirunda ya banda imesimamishwa. Mama alinipokea kwa tabasamu, mkononi ana ndoo yenye mfuniko.

"Nimekuona unavyoteseka na huo mgongo," alisema. "Nikamwambia mwanangu achimbe. Nimekaa na ungo tangu asubuhi, nimekuchambulia. Mchwa watupu! Takataka zote nimewapa kuku."

Nilifunua ndoo. Mchwa walijaa, safi kama mchele wa sikukuu. Alikuwa amefanya kile alichoniona nikifanya kila Jumamosi, na amekifanya vizuri kuliko mimi. Kuku wawili walikuwa bado wanachakura palepale.

Nilikasirika, nasema kweli. Nilimkasirikia yeye, ungo wake na kuku wake. Lakini mtu mzima yule, na macho yake yale mabovu, alikuwa ameinama siku nzima kwa ajili yangu. Nikasema asante. Nikala kiburu cha ndizi na maharage alichonipikia, nikakisifu, nikarudi mjini na ndoo yangu.

Kesho yake niliwapitia mchwa wote chini ya hadubini, kijiko kwa kijiko. Chini kabisa ya ndoo nikampata mbawakawa mmoja, aliyempita mama kama anavyowapita mchwa. Nikampasua taratibu. Jike.

Nilicheka peke yangu chumbani, kicheko cha mtu aliyechoka. Niliamua yaishe. Mdudu ameishi bila jina miaka yote, hatakufa kwa kulikosa.

Katikati ya wiki mama akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wale mchwa wametosha?"

"Wametosha, mama. Asante sana."

"Hapana, ndoo moja ni kidogo. Nimewaambia wenzangu wa jumuiya, wenye vichuguu kwenye vihamba vyao. Wamekubali. Jumamosi watachimba wote, na sisi kina mama tutakaa na nyungo zetu tukuchambulie."

Nilikaa kitandani. Ndani ya vihamba vile ndimo walimozikwa wazazi wao; mimi, mtu wa Majengo, nisingethubutu kumwomba hata mmoja anipishe na jembe langu. Yeye alikuwa ameniombea vyote kwa mkupuo. Na kuku wa kijiji kizima walikuwa wanasubiri.

"Mama," nikasema, "naomba msichambue."

Nikamweleza. Sikuwahi kumweleza mtu jambo kwa shida kiasi kile.

"Kwa hiyo wale niliowapa kuku ndio uliokuwa unawatafuta."

"Ndio, mama."

"Na ukakaa, ukala chakula changu, ukanishukuru?"

"Nilikuwa nimechoka, mama. Sikuwa na nguvu ya kukuhuzunisha."

"Ungesema tu, baba. Mimi si mtoto." Nilimsikia akivuta pumzi. "Nimekaa siku zote hizi najisifu kwa watu."

Nilimwomba radhi, akaniacha nimalize.

"Jumamosi uje mapema," alisema. "Kuku tutawafungia."