Shikamoo Iliyonimaliza Leo

Leo mpaka sasa nashika mkia kwenye mashindano ya sarakasi kwa sababu ya adabu.

Nimesimama kwa mikono, miguu juu, nimenyooka kama msumari. Mara naona kandambili za bibi yangu! Katoka Ilongero na bodaboda kuja kunitazama, kaja mpaka kwenye godoro.

Ungekuwa wewe ungefanyaje?

"Shikamoo bibi."
"Marahaba. Mama hajambo? Na ng'ombe?"

Nikajibu yote, kichwa chini. Bibi hakatishwi jamani.

Waamuzi wakanipa mbili kwa kumi. Eti napiga soga!

Bibi akawafuata mezani. Wote watatu wakasimama: "Shikamoo bibi."

Hapa naandika, bado anawauliza habari za mashamba. Aliyenifuata yuko kichwa chini, anasubiri waamuzi.