Bangili Yangu Ilikuwa Mpira wa Soketi

Trrrrrr... pwaa! Halafu vioo vikamwagika chini kama mchele unaomiminwa kwenye ungo. Jamani, sauti ile bado ninayo masikioni, na aliyeisababisha ni mimi. Simsingizii mtu.

Jina langu naomba nilifiche. Wenzangu wa ngoma hapa mtaani kwetu Kigera mpaka leo wanaamini bangili yangu ilitoka Nairobi. Waacheni hivyohivyo!

Mimi ni mpika chai kwenye karakana moja ya malori hapa Musoma. Shule niliishia darasa la nne, lakini kuota ndoto sijaishia. Nilikuwaga najiona nimevaa ovaroli, fundi wa kike, watu wanasimama barabarani kunitazama. Baba mdogo, ambaye ndiye fundi wetu, hakunicheka. Jumamosi wenzake wakishaondoka, alikuwa ananiachia ile mashine ya upepo nifungue nati moja ya gurudumu. Moja tu! Inakutetemesha mikono mpaka meno. Raha yake sijui niielezeje.

Sasa, mashine ile mbele yake inavaa soketi, kikombe cha chuma kinachomeza nati. Soketi inashikwa na kipini, kijiti cha chuma kinachopenya ubavuni, na kipini kinazuiwa kisichomoke na mpira wa mviringo kama pete kubwa, mweusi, unang'aa. Baba mdogo aliutazama akaona usalama. Mimi nikautazama nikaona bangili!

Tulikuwa twende Butiama kucheza ngoma kwenye kijiji cha ujamaa. Kila msichana ana kitu mkononi, mimi mkono mtupu kama wa mwanaume. Jumamosi jioni nikauvua ule mpira. Ili baba mdogo asishtuke, nikasokota uzi wa pamba, nikaupaka masizi ya sufuria, nikaufunga palepale. Ukiutazama, mpira kabisa! Nikajisifu: msichana, una akili wewe. Akili gani!

Jumapili, Butiama niling'ara.

"Shoga, umeitoa wapi hiyo?"

"Nairobi."

"Nani wako yuko Nairobi?"

"Wewe cheza ngoma, bwana!"

Jumatatu lori lilikuwa linakwenda Bunda kubeba pamba ya wanakijiji. Baba mdogo akashika mashine, akaibonyeza hewani kuijaribu, ndiyo kawaida yake. Uzi ukakatika, kipini kikachomoka, soketi ikaruka kama kwale aliyeshtuliwa. Kioo cha mbele cha lori, kwisha!

Nikaficha mkono ndani ya khanga.

"Ndugu fundi, ungeua mtu!" meneja akafoka. "Mpira wa soketi uko wapi?"

"Niliuweka kwa mkono wangu huu, ndugu meneja."

"Basi umeota mabawa! Wewe rudi kwenu Guta ukalime. Mashine atashika mwingine."

Baba mdogo hakubishana. Akavua ovaroli yake, akaanza kuikunja taratibu, kama anamkunjia mtu mwingine. Mimi nikazidi kuuficha mkono ndani ya khanga.

Dereva ndiye aliyenimaliza. Kioo kipya kingetoka wapi? Na pamba inangoja. Akanigeukia: "Binti, niazime khanga yako nijifunge uso, vumbi la Bunda litanila mzimamzima."

Ningeweza kumnyima. Nikamtazama baba mdogo na ile ovaroli yake. Nikaivua khanga nikampa dereva, na mkono wangu ukabaki nje, na bangili yake.

"Ni mimi, ndugu meneja."

Karakana nzima ikacheka mpaka mtu akamwaga chai. Meneja mwenyewe aligeuka ukutani, mabega yanacheza. Baba mdogo peke yake hakucheka. Meneja alipomwashiria arudi kazini, akaivaa tena ovaroli yake, akanyoosha kiganja, nikamwekea mpira.

"Soketi ingempata dereva kichwani je?"

"Baba mdogo, nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu. Ila mashine usiiguse tena."

Wala hakupaza sauti. Heri angenichapa! Sasa Jumamosi zangu ni za kuosha vikombe, basi.

Dada zangu, mnaopenda kung'ara kama mimi, kitu kilichoshika kingine kiacheni kishike! Msiseme hamkujua kazi yake. Mimi nilijua vizuri sana, ndiyo aibu yenyewe.

Jana walipokwenda kula nilibaki peke yangu. Nikaisogelea mashine pale mezani. Sikuigusa, nimekatazwa. Nikaweka mikono nyuma, nikainama, nikauona ule mpira umekaa mahali pake. Ulikuwa na vumbi kidogo. Nikaupuliza.