Mpika Barafu

Abner Kignak hakuwahi kukosa kamba ya nyangumi tangu apate nguvu ya kuivuta. Kwetu kaskazini, nyangumi akiuawa, mji mzima hutoka kwenda kumpandisha juu ya barafu ya bahari, na kichwa cha kamba hushikwa na watu wa nyumba ya nahodha wa mashua iliyomwua. Baba yake, mzee Simeon, alikuwa nahodha. Mahali pa Abner palijulikana.

Majira yale ya kuchipua mzee Simeon alikuwa mgonjwa wa mapafu. Alikwenda barafuni amefungwa kama mzigo juu ya sleji ya kuburutwa thelujini, akamwambia mwanawe wazi, "Nyangumi wa safari hii atakuwa wangu wa mwisho. Usinikose."

"Sitakukosa, baba," Abner alisema, na alikusudia hivyo.

Lakini Abner alikuwa pia msimamizi wa pampu kwenye kisima cha majaribio, nje ya mji. Gesi ya zamani, inayopasha nyumba zetu joto, haitadumu milele. Chini ya ardhi iliyoganda kuna gesi nyingine iliyonaswa ndani ya maji ikawa kama barafu, na wataalamu walikuja kupima kama inafaa kuchimbwa. Walikuwa wakivuta maji kisimani ili mgandamizo upungue. Barafu ile ikilegea, gesi hutoka. Pampu ikisimama, mgandamizo hurudi, na gesi na maji hugandia ndani ya bomba lenyewe. Hapo kazi yote imekufa mpaka majira mengine. Kwa hiyo sharti lilikuwa moja: watu wawili kisimani, sikuzote.

Siku hiyo wawili walikuwa Abner na Maureen, mtaalamu wa miamba aliyetoka kusini. Shemeji yake Abner, Kermit, alipaswa kuja kumpokea zamu. Kabla hajafika, redio ikalia. Ilikuwa sauti ya mzee Simeon, anasali. Kwetu nyangumi akipatikana, nahodha humshukuru Mungu redioni, na kila nyumba husimamisha kazi ikasikiliza. Abner alivua kofia. Baada ya amina, watu wakaanza kupiga kelele.

Abner akachukua redio. "Kermit, uko wapi?"

"Niko barafuni, shemeji! Nyangumi ana ukubwa wa kanisa!"

"Zamu yako je?"

"Ala! Mimi nilidhani leo kazi imesimama. Nani anafanya kazi nyangumi akiwa amekufa?"

Lilikuwa kosa la mtu wa kwetu kabisa; hata Abner alishindwa kumkasirikia. Maureen akamwambia, "Nenda. Nitaangalia pampu peke yangu."

"Sharti ni watu wawili. Gesi hii ikishika moto, nani atakutoa?"

Redio ikaita tena. "Abner," alisema mzee, pumzi zikimkatika. "Kamba inakungoja."

"Niko kisimani, baba. Hakuna wa kunipokea."

"Kisima gani? Cha barafu? Barafu iko huku tele!"

Mji mzima ulikuwa unasikiliza. Shangazi yake mmoja akadakia, "Mwacheni, anapika barafu! Ikiiva atatuita!" Kicheko kikajaa redioni. Abner alingoja kiishe.

"Nisamehe, baba. Siwezi kuja."

Mzee hakujibu. Abner alirudisha redio mahali pake, akaenda kusoma geji ya mgandamizo.

Kule barafuni watu walivuta nyangumi muda mrefu. Jua la majira yale haliharakishi kuzama, na lilikuwa bado juu Abner alipoona pikipiki ya theluji inakuja. Kermit ndiye aliyeendesha, macho chini. Nyuma, juu ya sleji, alikaa mzee Simeon amekumbatia sufuria iliyofungwa ndani ya koti.

"Shemeji, nimekuja zamu," alisema Kermit.

"Umekuja mapema mno kwa zamu ya kesho."

Kermit akacheka kwa haya, akaingia kwenye kibanda cha pampu alimokuwa Maureen. Mzee aliutazama mwali uliokuwa ukiwaka juu ya bomba la kuunguzia gesi. "Ule ndio barafu?"

"Ndiyo, baba."

Akavua glavu, akanyoosha mikono kuelekea motoni ingawa ulikuwa mbali. Kisha akafungua sufuria. Ngozi ya nyangumi iliyochemshwa, chakula cha siku hiyo, ilikuwa bado inafuka mvuke. Alisali, wakala.

"Nilinyamaza redioni kwa sababu nilikuwa na hasira," alisema mzee. "Ikaisha. Lakini sikutaka kukusamehe mbele ya shangazi yako, angekatiza maneno. Nimekuja nikusamehe hapa."

Baba yake akamsukumia kipande kingine.

Mzee Simeon alilala katika Bwana kabla theluji nyingine haijaanguka. Kisima kilitoa gesi mpaka siku ya mwisho ya majaribio. Wataalamu walipima wakasema: ipo nyingi, ila inatoka polepole na kwa gharama kubwa, kwa sasa ibaki chini. Watu walimuuliza Abner kama hakujuta. Alisema, "Hata nyangumi, wengine tunawaacha wapite."

Jina la Mpika Barafu lilimganda. Tulipomzika Abner mwaka huu, shangazi yule yule, mzee sana sasa, alilitaja kaburini akashindwa kuendelea. Kermit hakuwako kwenye sala ya kwanza. Zamu ya gesi ya mji ilikuwa yake, na aliyepaswa kumpokea alichelewa.