Visu Katika Pindo la Leso

Tia mkono mfukoni, rafiki yangu, uniambie umeshika nini. Simu, bila shaka. Ufunguo. Labda na noti iliyojikunja. Mimi nikitia mkono kwenye mkoba wangu nitakutolea kisu cha kukunja, kifupi kama kidole cha kati, mpini wake wa pembe ya ng'ombe umelainika kwa kushikwa. Usishtuke. Kaa nikueleze, maana juma lililopita nilitakiwa kukieleza nikashindwa.

Nilikuwa naingia duka kubwa moja huko Mkomani kununua mchele. Askari wa mlangoni, msichana mpole wa bara, alipitisha kifaa chake kando ya mkoba wangu, kikalia. Akaufungua, akakitoa kisu, akakiinua kwenye mwanga.

"Mathe, hii ni ya nini?"

"Ya kumenyea machungwa, mwanangu."

"Lakini hapa ndani wanauza yakiwa yamemenywa."

Hakusema kwa kejeli. Alikiweka kwenye kikapu cha plastiki, akanipa kibao chenye nambari ili nikichukue kisu nikitoka. Nilizunguka katikati ya zile rafu nikiwa na mkoba mwepesi kuliko nilivyozoea, na sikumbuki kama mchele niliununua. Jibu nililompa lilikuwa la kweli, ila lilikuwa fupi mno. Kisu kile si changu. Ni cha mume wa mtu.

Nimelelewa na nyanya yangu huko Likoni, upande wa mashamba, wakati nyumba zilikuwa bado mbalimbali na katikati yake ni mihogo na mikorosho. Siku hizo kila mtu mzima alikuwa na kisu chake cha kukunja, na kilitoka naye nyumbani kila siku kama kanzu au leso. Wanaume walivitia kwenye mfuko wa shati au kwenye kipindo cha kikoi. Wanawake walivifunga katika pindo la leso, pamoja na popoo ya kutafuna na senti za chumvi. Vingi vilifuliwa na mhunzi mmoja wa Changamwe, aliyevitengeneza kwa vipande vya misumeno iliyokatika. Vilikuwa vyeusi, visivyo na urembo, lakini vilishika makali.

Kazi za kisu hazikuwa na mwisho. Nyanya alikuwa msukaji wa mikeka, basi chake kilichana miyaa tangu asubuhi. Adhuhuri kilikata popoo. Jioni kilimenya muhogo, kikakata kucha zangu, kikatoa mwiba mguuni mwangu baada ya ncha yake kupitishwa motoni. Kila alfajiri, kabla kuku hawajashuka mtini, nilisikia kikipita juu ya kinoo chenye maji, taratibu, upande huu kisha upande huu. Mpaka leo sauti hiyo kwangu ndiyo asubuhi.

Kilikuwa na adabu zake pia, nami nilifundishwa mapema kuliko kukishika. Kisu hakipokezanwi mkono kwa mkono. Unakiweka chini, mwenzio anakiokota mwenyewe, ili kisije kikakata kilichopo baina yenu. Kisu hakifunguliwi pasipo kazi. Na mkianza kukorofishana huku mmoja wenu anamenya kitu, Nyanya angesema, "Funga kisu kwanza, ndipo ugombane." Nimeona ugomvi mwingi ukifia hapo, kwa sababu mtu akishakikunja kisu anakuwa amepumua.

Jambo moja tu wanawake hawakulifanya kwa visu vyao. Hawakuchinja. Dini haikuwakataza, lakini mazoea yalikataza, na mazoea wakati mwingine huvaa kilemba kikubwa kuliko dini. Ungemwona mama mzima amesimama kando ya njia, kuku kwapani, kisu mkononi, akingoja mwanamume yeyote apite. "Baba, tuchinjie." Hata kama apitaye ni kijana aliyeota ndevu juzi. Kijana atakiokota kisu, atachinja, atakwenda zake amevimba kichwa, na mama atarudi jikoni.

Jirani yetu alikuwa amefiwa na mumewe. Alikuwa katika eda, miezi ile minne na siku kumi ambayo mjane hukaa ndani akimwomboleza mume, na alikuwa mtu wa kushika mambo kwa ukamilifu. Hakuvuka kizingiti. Marehemu alikuwa ameacha beberu mmoja mwekundu aliyemlea mwenyewe kwa mkono, tangu mama yake mbuzi alipokufa. Mjane aliazimia kuwa beberu huyo ndiye atakayelisha watu siku ya arobaini, siku ya kusomwa hitima. "Aliyewanywesha maji mbuzi wake," alisema, "na awalishe watu wake." Hakuwa na mbuzi mwingine, wala uwezo wa kumpata.

Arobaini iliangukia Ijumaa. Shemeji yake angechinja baada ya swala ya Ijumaa, wanawake wapike, na hitima isomwe Alasiri. Beberu alifungwa kwenye kisiki cha mkorosho nyuma ya nyumba ale majani yake ya mwisho. Wanaume wakaoga, wakavaa kanzu, wakaenda msikitini wote, wazee na vijana. Mtaa ukabaki wa wanawake, watoto, na sauti ya vitunguu vikikatwa.

Nyuma ya nyumba ile palikuwa na shimo la choo ambalo marehemu alilichimba hadi kimo chake kisha akaugua. Kamba ya beberu ilikuwa ndefu kidogo. Tuliposikia kishindo na kukimbilia huko, tulimkuta ananing'inia ukingoni, kamba imemkaza shingo, miguu ya nyuma ikitafuta ardhi haiipati.

Nyanya alikuwa wa kwanza kufika. Kisu kilitoka pindoni, kamba ikakatika, beberu akaangukia shimoni akavunjika mguu. Mgema mmoja, mtu wa bara ya Kaloleni, asiye Mwislamu, aliyekuja kugema minazi ya jirani wa pili, aliteremka mnazini mbio, akaingia shimoni, akamtoa begani. Wakamlaza. Ulimi ulikuwa umetoka, ubavu ukipanda na kushuka kwa shida.

Pengine hujui, kwa hiyo nikueleze. Mnyama akifa mwenyewe bila kuchinjwa huitwa kibudu, na kwa Mwislamu nyama hiyo hailiwi. Hutupwa. Lakini akiwahiwa angali hai, akachinjwa kwa jina la Mungu, ni halali. Kilichobaki kati ya hitima na kutupa mzoga kilikuwa pumzi za yule beberu.

"Nenda msikitini," Nyanya aliniambia. "Mwite yeyote."

Nilikimbia. Msikiti haukuwa mbali, lakini hotuba ilikuwa imeanza, na wakati wa hotuba watu hawasemi wala hawasemeshwi. Nilisimama kando ya birika la kutawadhia, msichana peke yangu, nikiitazama migongo myeupe safu kwa safu. Nikasema, "Hodi." Mzee wa safu ya mwisho akaweka kidole mdomoni bila kugeuka. Nikarudi mbio nikilia.

Mjane alikuwa amefika kizingitini. Vidole vyake vya miguu vilikuwa sambamba na mwisho wa sakafu, havikupita.

"Bibi, yu hai?"

"Yu hai."

"Usimwache afe mwenyewe. Nakuomba."

Nyanya akamtazama mgema. Mgema akagusa kotama, kile kisu kilichopinda cha kugemea, akatikisa kichwa.

"Mimi mnajua nyama ya mkono wangu hamli, Bibi. Na kisu hiki kimelewa kabla yangu, kinanuka tembo. Lakini miguu naweza kushika."

"Basi shika. Mwelekeze kibla."

Nyanya alipiga goti. Kile kisu cha kuchania miyaa, kilichokuwa kidogo hata nikakionea huruma, akakipitisha mara moja kwenye ukucha wake kukijaribu. Akalitaja jina la Mungu kwa sauti iliyosikika mpaka kizingitini. Ulikuwa mpito mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, damu ikatoka kwa nguvu, beberu akapiga miguu kisha akatulia. Mgema akasema, "Kisu hicho hakikumuumiza." Mjane alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Wanaume waliporudi, shemeji alimwona beberu ameshatundikwa.

"Nani kachinja?"

"Mkono huu," alisema Nyanya.

"Bibi, hapakuwa na mwanamume?"

"Walikuwako wengi. Wote walikuwa wamekaa kimya."

"Watu watasema."

"Waambie waseme wakishakula."

Lakini hakucheka, na wala shemeji hakucheka. Nilijua, hata kwa akili yangu ya utotoni, kuwa jambo bado halijaamuliwa. Nyama inaweza kuwa halali na bado ikarudi jikoni nzima, ikiwa watu wamekubaliana kuionea shaka. Mjane alilijua hilo pia. Mle ndani aliwaambia wanawake wapike, kisha akageukia ukuta.

Mwalimu wa chuo, aliyenifundisha mimi Kurani, alikuja kabla ya Alasiri. Alimwuliza Nyanya maswali machache tu, kwa upole, kama anayenisomesha mimi alifu na bee. Alikuwa hai? Damu ilitoka kwa nguvu? Jina lilitajwa? Kisha akataka kukiona kisu. Nyanya akakiweka juu ya mkeka. Mwalimu akakiokota, akakipitisha kwenye ukingo wa jani la mgomba, jani likaachana bila sauti. Akakikunja, akakiweka chini.

"Visu vya wengi wetu havijafika hapa," alisema.

Hitima iliposomwa na masinia ya pilau kuletwa, watu walinawa wakakaa. Mikono ikasita. Mwalimu akasema Bismillahi, akachukua pande la nyama la juu kabisa, akalila mpaka mfupa. Wakafuata. Sitakudanganya kuwa wote walikula. Niliwaona wawili watatu wakichambua wali pembeni, wakiiacha nyama kama mtu anavyoukwepa mwiba wa samaki. Lakini masinia yalirudi ndani matupu, na mjane aliyapokea moja moja, akiyatazama.

Jioni aliniita dirishani. Alikuwa amekiweka juu ya kizingiti cha dirisha kisu cha mumewe, hiki chenye mpini wa pembe.

"Mpelekee nyanyako. Humu ndani kitalala, kitashika kutu. Kwake kitafanya kazi."

Hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza. Habari ilienea kama habari zinavyoenea, na mwanamke akifiwa na mume Likoni ile, eda ikishakwisha, alikuja kwetu akakiweka kisu juu ya mkeka. Kikaja cha mwashi, kimechakaa upande mmoja. Kikaja cha mpasua mawe wa machimbo ya Bamburi, kizito kama kufuli. Mgema alipofariki, mkewe alileta kisu chake kidogo cha mfukoni, si kotama. Alitembea kutwa kukileta.

Nyanya hakuviweka mapambo. Kila asubuhi alichagua kimoja, akakinoa, akakifunga pindoni, na siku hiyo kazi zote zilifanywa na hicho. "Leo ni zamu ya mwashi," angesema, na alipokata muhogo wa kwanza alimwombea mwashi rehema. Kwa mgema aliomba vilevile. Nilimuuliza kama inafaa. Akanijibu, "Alishika miguu."

Nyanya aliniachia visu vyote, na sasa hivi ni mimi ninayefanya hivyo, hapa Kisauni. Kuku hununuliwa amechinjwa na kunyonyolewa. Mikeka ni ya plastiki. Mhunzi hakuacha mwanafunzi, na mahali pa mikorosho yetu pamejengwa nyumba za kupanga. Hakuna anayesimama kando ya njia akingoja mkono wa mpita njia. Wala sililii yote. Lakini watu walioshika visu hivi hawana picha, hawana kaburi lenye jina, na siku nitakapoacha kuvibeba sijui nani mwingine atawataja.

Nawe nyumbani kwenu kimo kimoja, nina hakika, cha babu au cha shangazi, ndani ya mkebe wa vifungo au nyuma ya droo. Usione haya kama kimeshika kutu. Kisugue kwa majivu na limau, kioshe, kikaushe. Tia tone moja la mafuta ya nazi pale bapa linapokutana na mpini, ukikunjue na kukikunja mpaka kisilalamike. Kisha chukua jiwe laini, lilowe maji, na ukinoe taratibu, upande huu mara kumi, upande wa pili mara kumi.