Lori la Samadi na Mahari ya Binamu Yangu

Nilirudi Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi nchini Uganda, nikiwa na diploma ya mambo ya fedha, na ieleweke mapema kwamba hakuna aliyenilipia. Niliipata Nairobi kwa kushona viatu mchana na kusoma jioni. Niliporudi nilivaa tai hata siku ya kupanga foleni ya maji. Watu walicheka mpaka nilipopata kazi upande wa Mbarara, wakaanza kuniomba niwafunge tai na wao.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mji mmoja mdogo wa huko, ambao sitautaja, ulitaka lori la kuzoa taka linalotumia gesi ya samadi badala ya dizeli. Samadi ilikuwa ya kumwaga. Pesa ndiyo haikuwepo. Halmashauri ikaamua kuwakopa wananchi wenyewe kwa kuuza bondi: wewe unaikopesha halmashauri, kila mwaka inakupa faida kidogo, muda ukiisha inakurudishia pesa yako yote. Maofisa walikwenda kulieleza jambo hilo sokoni kwa maneno ya ofisini, na watu wakadhani ni kodi mpya. Wauza ndizi walifunga vibanda. Hapo ndipo nilipotafutwa mimi.

Mimi sikueleza bondi. Nilieleza ng'ombe. Kwetu, milimani Kivu Kusini, mwenye ng'ombe wengi humkopesha jirani ng'ombe mmoja. Jirani anamchunga, mwenye mali anapata maziwa na ndama, na ng'ombe anabaki wake. Basi nilisimama nje ya kanisa letu Nakivale baada ya ibada, nikasema bondi ni ng'ombe wa kukopesha, na halmashauri ndiyo mchungaji. Usingizi uliwatoka wote, hata wale waliokuwa wamelala tangu mahubiri. Sijasikia mpaka leo mtu aliyeeleza mikopo ya serikali vizuri kuliko hivyo katika wilaya nzima ya Isingiro, na nimesikiliza wengi.

Mjomba wangu, aliyekuwa akichunga upande wa Endiinzi, alinifuata nyumbani kuhakikisha.

"Mutoto wa dada, iyo gari inakula mavi ya ng'ombe?"

"Inakula gesi yake, mjomba."

"Ni vile vile. Nitaipa mavi, nayo itanipa ndama." Akacheka peke yake njia nzima ya kurudi kwake.

Wiki hiyohiyo aliuza mafahali aliowatenga kwa mahari ya mwanawe wa mwisho, binamu yangu, akanunua bondi. Muda wake ulikuwa mrefu kuliko uchumba wowote niliowahi kuusikia. Mkewe hakunifokea. Aliniangalia shingoni, akauliza kwa upole, "Ikikufa iyo gari, tutapeleka iyo tai yako kwa bakwe?"

Lori lilinunuliwa, likafungiwa mitungi ya gesi, likapakwa rangi ya kijani. Kwenye mfano wangu mzuri kulikuwa na sehemu ambayo sikuwatajia maofisa, kwa sababu hawakuniuliza. Mwenye ng'ombe ana haki ya kwenda kumwona bila taarifa. Mchungaji lazima ampokee vizuri. Na mwenye mali akimkuta ng'ombe amekonda, anafunga kamba na kuondoka naye.

Siku moja ya soko, mjomba alifika ofisini kwetu halmashauri na wazee wenzake wa kanisa, kofia kichwani, fimbo mkononi. Walileta gunia la samadi kama zawadi. Walileta na kamba.

Lori lilikuwa nyuma ya jengo, limejaa vumbi, tairi moja chini, mbuzi wamejipumzisha kivulini mwake. Tangi la kuozeshea samadi lilikuwa tupu, kwa sababu hakuna ofisa aliyetaka kuonekana akishughulikia kinyesi. Mjomba alilizunguka polepole, akapitisha kidole mlangoni.

"Amekonda," akasema. Akafunga kamba kwenye bampa, akaketi.

Ofisa mmoja mwenye suti alitoka mbio. "Mzee, hii gari ni ya serikali."

"Ndiyo, ssebo, bwana mukubwa. Serikali ni muchungaji. Miye ni mwenye ng'ombe."

Ofisa akanivuta pembeni, akataka niwaondoe watu wangu. Nilimwambia, kwa sauti niliyoitoa Nairobi, kwamba hawa ni wawekezaji, na wawekezaji hukagua mali. Akasema wawekezaji huandika barua kwanza. Nilimpelekea mjomba jibu hilo, naye akataka kujua huyu bwana huwaandikia nini ng'ombe wake. Kufikia hapo wanawake wa soko, waliokuwa wakiuza nyanya kando ya taka zilizooza, walikuwa wamekwisha kuja, na baadhi yao walikuwa na bondi pia.

Mbele ya macho hayo yote ofisa aliamuru samadi itiwe tangini, lakini gesi haitoki siku samadi inapoingia. Wazee hawakuona ajabu, wakapeana zamu ya kushika kamba. Nilimweleza ofisa kwamba mila inadai wageni wapewe maziwa, na kila asubuhi akatuma chai ya maziwa huku ameangalia kando. Siku lori lilipowaka, mjomba alifungua kamba na kulipiga kofi ubavuni. Tangu hapo kila siku ya soko mtu wa Nakivale alipita kulijulia hali. Halmashauri iliajiri mzoa samadi. Mimi niliongezewa cheo, na sikushangaa.

Lakini baba wa mchumba alikuwa amesikia kwamba mafahali wamegeuka lori la taka. Alituma neno kwamba binti yake haolewi na takataka. Binamu yangu aliacha kula. Mke wa mjomba aliacha kuniangalia hata shingoni. Nikasema mzee aletwe aone mwenyewe.

Alikuja. Alilizunguka lori, akainama kuangalia tairi za nyuma, akataka lifunguliwe boneti, akamuuliza dereva linakula kiasi gani na kama limewahi kuugua.

"Mara moja," mjomba akasema. "Ilikosa chakula."

Mzee akanigeukia mimi. "Ikikufa, tutaonyeshwa ngozi?"

Kwetu, ng'ombe wa kukopeshwa akifa, mchungaji huleta ngozi, ionekane kwamba hakumuuza. Bondi haikusema lolote juu ya ngozi. Tena deni lilikuwa la halmashauri, lori liwepo au lisiwepo. Hayo yote diploma yangu iliyajua vizuri. Lakini mzee hakuwa anaiuliza diploma.

"Mutaonyeshwa, mzee," nikasema. "Milango yote miwili."

Akanyoosha kidole kwenye kibao cha namba. "Na plaki."

"Na plaki."

Akampa mjomba mkono wa kupokea mahari. Binamu yangu, aliyekuwa amejifanya anachunguza injini muda wote ule, aliinuka haraka mno, akagonga kichwa kwenye boneti.